Mtu wa Karuba Mezani kwa Waitaliano wa Malindi

Mlo kamili wa jioni katika mkahawa wa Kiitaliano wa hali ya juu mjini Malindi huchukua saa tatu hivi. Chakula huletwa kwa zamu, na kila sahani huondolewa kabla ya nyingine kuletwa, hivi kwamba hakuna wakati wowote mlaji anapoona mbele yake vyote atakavyovilipia. Kwa mtu aliyekulia Karuba, katika vilima vya Masisi, mashariki mwa Kongo, ambako bugali, yaani ugali, maharagwe na nyama kama ipo hutua mezani kwa pamoja na kila mmoja akajua pa kuanzia na pa kuishia, utaratibu huu wa zamu ndio chanzo cha karibu visa vyote vitakavyoelezwa hapa. Vyakula vyenyewe havina lawama. Vingi anavijua tangu utotoni. Kilicho kigeni ni bei.

Waitaliano hawakuja Malindi kwa sababu ya chakula. Walikuja kurusha roketi. Katika miaka ya 1960 Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma alitafuta mahali karibu na ikweta penye bahari wazi upande wa mashariki, akapapata Ngomeni, kaskazini kidogo mwa Malindi. Majukwaa ya chuma yakasimamishwa ndani ya ghuba, na Aprili 26, 1967 setilaiti ya San Marco 2 ikaruka kutoka hapo. Desemba 12, 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ikafuata setilaiti ya Marekani ya kuchunguza eksirei zitokazo angani, nayo ikaitwa Uhuru. Roketi ya mwisho iliondoka Ngomeni mwaka 1988. Wapishi walibaki.

Wahandisi walikuwa wameleta jamaa zao, jamaa wakaleta marafiki, marafiki wakanunua viwanja. Hoteli zikajengwa, ndege za kukodi zikaanza kushusha watalii Mombasa, na maduka ya aiskrimu yakafunguliwa mitaa michache tu kutoka nguzo aliyoiacha Vasco da Gama. Leo kijana anayeuza vinyago ufukweni hupatana bei kwa Kiitaliano bila kigugumizi, na wahudumu wa mikahawa, wengi wao Wagiriama, hutaja aina za tambi kwa lafudhi ambayo Mroma haitilii shaka. Msimu wenyewe ni wa kaskazi, Desemba hadi Machi. Masika yakianza, wenye mikahawa wengi hufunga na kwenda zao, na anayefika mwezi wa Mei akitafuta lazanya huenda akaelezwa habari zake na bawabu.

Mtu wa Karuba hafiki Malindi kwa bahati. Huletwa na semina. Mashirika yenye ofisi Goma yana imani kwamba matatizo ya milimani hueleweka vizuri zaidi yakijadiliwa penye upepo wa bahari, kwa hiyo wajumbe huvuka mpaka kuingia Gisenyi, hupanda hadi Kigali, huruka Nairobi, na kushuka Mombasa kwa treni iliyoanza kazi mwaka 2017. Kutoka Mombasa zimebaki kilomita zipatazo 120 za barabara. Siku mbili za kwanza hula hotelini kwenye mkutano, ambako wali, samaki na mchuzi hukaa kwenye masufuria yanayoonekana, na hakuna kisa chochote. Jioni ya mwisho, posho ikiwa bado mfukoni, mmoja wao hutamka kwamba haifai kurudi nyumbani bila kuonja chakula cha wenye mji.

Kisa cha kwanza hutokea kabla ya kuketi. Goma iko nyuma ya Malindi kwa saa moja nzima, na ingawa simu hujirekebisha yenyewe, saa ya mkononi haina habari. Aliyeagiza meza ya saa mbili usiku hufika saa tatu akiamini amewahi, akakuta meza yake imekwisha kukaliwa na familia ya watu sita. Hapo mavazi ndiyo humwokoa. Mkongomani haendi mahali penye jina akiwa na kaptula. Atavaa suti ya vipande vitatu, tai, na viatu vilivyopigwa rangi mpaka vikaonyesha sura ya mtazamaji, na suti yenyewe imeshonwa kwa ajili ya Masisi, ambako ukungu hushuka hata mchana. Malindi usiku wa Januari una joto la nyuzi 25 au zaidi, na Waitaliano, ambao dunia nzima huwasifu kwa mavazi, wamekaa kwa shati la kitani lisilochomekewa na ndala. Katika ukumbi mzima mwenye tai ni mmoja. Mhudumu humpima kwa jicho moja: huyu ama ni mbunge ama ni askofu, na wote wawili ni watu wasiokalishwa karibu na mlango wa jikoni.

"Mheshimiwa, utuwie radhi. Tuna meza nyingine upande wa bahari."

Mheshimiwa huwawia radhi.

Meza ya upande wa bahari ndiyo ghali kwa macho na ngumu kwa matumizi. Kaskazi huzima mshumaa, huchukua kitambaa cha mapajani na kukipeleka kwa jirani, kisha hurudi kuichukua tai na kuilaza ndani ya kisahani cha mafuta ya zeituni. Doa la mafuta ya zeituni kwenye hariri halitoki. Wenye uzoefu huichomeka tai ndani ya shati, katikati ya kifungo cha pili na cha tatu, na hawaitoi mpaka kahawa.

Baada ya kuketi huulizwa habari ya maji: ya kawaida au ya gesi? Kwa mtalii wa Milano swali hili halina uzito. Kwa mtu wa Kivu ni jambo la kutafakari. Ziwa Kivu lina gesi iliyoyeyuka kwenye vilindi vyake, takriban kilomita za ujazo 300 za kabonidayoksaidi na 60 za methani, na watoto wa Goma na Sake hufundishwa mapema kuyaogopa mazuku, yaani mabonde madogo ambamo gesi hiyohiyo ya kabonidayoksaidi hutoka ardhini, ikatulia bila rangi, na kumuua mbuzi, mbwa au mtu aliyeinama kufunga kamba ya kiatu. Serikali mbili na wataalamu wa mataifa kadhaa wanakesha wakichunga gesi ile isipande juu. Na huku kijana aliyevaa fulana nyeusi anauliza kwa tabasamu kama mzee angependa kuinywa, tena kwa bei ya juu kuliko maji yasiyo nayo. Jibu la kawaida huwa ni "leta ya bomba," ambalo nalo halikubaliki, kwa kuwa mkahawa wa hali ya juu hauna maji ya bomba ya kumpa mtu.

Mkate huja bila kuitwa, mkavu kwa nje, laini kwa ndani, bila siagi na bila chai. Huu ndio mtego mkubwa kuliko yote, na unafanya kazi kimyakimya. Masisi mkate ni kitu cha asubuhi na huambatana na kikombe; kwa hiyo chai huagizwa, mhudumu husema kwa adabu kwamba vinywaji vya moto ni vya mwisho, na mlaji, ambaye hajala tangu saa saba, huumaliza mkate mkavu akisubiri. Kikapu huletwa tena. Huumaliza tena. Anapofunguliwa orodha ya vyakula tumbo lake limeshafanya maamuzi ambayo kichwa hakijaarifiwa.

Orodha yenyewe haina picha. Kenya ina mikahawa mingi yenye picha za vyakula ukutani, na bei zake huendana na picha; picha zinapokosekana, bei hupanda. Mhudumu hueleza kila kitu kwa ukarimu, ila maelezo hayo amejifunza kwa Kiitaliano na huyatoa kwa mpangilio wa Kiitaliano, na inapofika sehemu ya tatu mlaji ameshapotea, wala heshima ya suti haimruhusu kusema hivyo. Atanyoosha kidole kwenye mistari mitatu yenye majina marefu. Njia hii ina hatari zake. Mstari wa kwanza unaweza kuwa carpaccio, iliyobuniwa na Giuseppe Cipriani katika baa yake ya Venisi mwaka 1950 na kupewa jina la mchoraji mmoja wa zamani aliyependa rangi nyekundu. Ni nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba mno, ikatandazwa sahanini, ikamwagiwa mchuzi kidogo wa baridi. Haijapikwa. Haitapikwa. Masisi ni nchi ya ng'ombe, na msimamo wake kuhusu nyama ni wa wazi: ama imeiva, ama bado ni ng'ombe. Sahani hurudishwa jikoni kwa maelekezo ya kuimalizia, nayo hurudi baada ya dakika tano ikiwa kijivu, imejikunja, na imepoteza kila kilichoifanya iwe ghali. Mpishi huchungulia dirishani kuona ni nani.

Aliyebahatika kuagiza nyanya na jibini nyeupe kwa majani ya rehani huwa salama zaidi, ingawa kwenye pwani hii jani hilo lina historia nyingine. Wanawake wa Waswahili wameyatia majani ya rehani kwenye vikuba pamoja na asumini tangu zamani, kwa ajili ya harufu, si kwa ajili ya kachumbari. Mhudumu wa Malindi hulileta jani hilo mezani kila siku na haoni ajabu tena.

Sasa tunafika kwenye kiini cha mambo. Katika Afrika Mashariki yote, kuanzia Karuba hadi Malindi yenyewe, mlo una pande mbili: kuna chakula, ambacho ni bugali, wali, ndizi au viazi, na kuna kitoweo cha kukiteremshia. Upande mmoja bila mwingine ni ama umaskini ama ugonjwa. Waitaliano wanazo pande zote mbili, na wanazipika vizuri, ila wamezitenga. Kwanza huja wanga: tambi, au wali. Ukiisha na sahani ikaondolewa, ndipo huja nyama au samaki, peke yake, bila kitu cha kuegemea. Mboga za majani, kama mtu anazitaka, huagizwa kando na kulipiwa kando. Kwa maneno mengine, nyama hufika wakati bugali umeshazikwa.

Sahani ya tambi inapotua mbele ya mtu wa Karuba ina upana wa sinia na katikati yake kuna kilima kidogo, gramu 80 hadi 100 za tambi kavu kabla ya kuchemshwa, ambacho ndicho kipimo cha kawaida cha Italia. Juu yake pana mchuzi wa nyanya. Nyama hakuna. Mtu aliyelelewa vizuri hali chakula kikavu kama kitoweo kiko njiani. Huweka mikono mapajani na kungoja. Jikoni nako nyama yake iko tayari, ila sheria ya kule inasema haitoki mpaka sahani ya kwanza irudi tupu. Mlaji anangoja nyama ili ale tambi. Mpishi anangoja tambi ziliwe ili atoe nyama. Nairobi imewahi kushuhudia mazungumzo ya Wakongomani yaliyokwama kwa sababu nzito zaidi, lakini hayakuwa na adabu nyingi namna hii kwa pande zote mbili.

"Mzee, hukupenda?" mhudumu huuliza baada ya robo saa.

"Nimependa sana, kijana wangu. Nangoja wenzake."

"Wenzake watakuja baadaye, mzee. Hizi unaanza kula."

"Na kitoweo?"

"Kitoweo ni baadaye."

"Baadaye nitakilia na nini?"

Swali hili halina jibu, na katika historia yote ya upishi wa Kiitaliano hakuna aliyelijibu. Wahudumu wazoefu wa Malindi, ambao nyumbani kwao Ganda au Mambrui hula wali na mchuzi kama watu wengine, hulielewa mara moja, na wapo wanaokwenda jikoni kuomba vyote vitoke kwa pamoja. Ombi hilo linakubalika kisheria, kwa sababu mteja ndiye analipa, lakini mpishi hulipokea kwa ukimya wa mtu aliyeambiwa asome kitabu kuanzia katikati. Mlaji anapopata hatimaye tambi kushoto na nyama kulia, huzichanganya, akala kwa raha, na jioni hiyo ikawa imepata muafaka.

Tambi zenyewe huwa na ugomvi mdogo. Waitaliano huziepua zikiwa bado na ukaidi katikati. Goma spageti huchemshwa mpaka isalimu amri, na wenyeji wa pwani huzipika tambi zao nyembamba kwa sukari, iliki na tui la nazi, hasa Ramadhani, zikaliwa kama kitu kitamu. Kwa hiyo sahani moja ya Malindi inaweza kushutumiwa kwa makosa mawili yanayopingana: mtu wa Goma akasema haijaiva, na mama wa Shela akasema haina sukari. Kuhusu kuzila, njia ya kuzizungusha kwenye uma inahitaji tambi mbili au tatu tu kwa mara moja. Anayechoma uma katikati ya kilima na kuzungusha hunyanyua kilima chote. Kuzikata kwa kisu hakujakatazwa na sheria ya Kenya, ila meza ya jirani hugeuka.

Ugomvi mkubwa ni wa jibini. Ikumbukwe huyu ni mtu wa Masisi. Fromaji ya Masisi, ile ya mviringo yenye ganda la manjano, ndiyo inayouzwa Goma, na imewahi kufika mpaka Kinshasa. Kwao kuna malisho, kuna ng'ombe, na kuna watu wanaogandisha maziwa kwenye vibanda vya mbao kando ya njia. Ukiacha maharagwe na viazi, hiki ndicho kitu ambacho mtu wa Karuba anaweza kukizungumzia mbele ya Mwitaliano bila kuinamisha kichwa. Na ndicho anachonyimwa. Akiagiza tambi za kamba na ngisi, kisha akaomba jibini ya kunyunyizia, mhudumu hutabasamu na kusema kwamba kwa samaki haiwekwi. Si kwamba imekwisha. Inaonekana pale, kwenye meza ya jirani, inakunwa juu ya tambi za nyama kama theluji. Ni kwamba haiwekwi. Mlaji hueleza kwamba kwao wanaitengeneza wenyewe. Mhudumu humpongeza. Hueleza kwamba amekula jibini na kila kitu tangu ameota meno. Mhudumu humpongeza tena na haileti. Hatimaye hufikishwa kwa mwenye mkahawa, Mwitaliano wa makamo, ambaye husikiliza kisa chote mikono ikiwa kifuani, na kinachofuata ni mazungumzo ya dakika ishirini juu ya maziwa: ng'ombe wanakula nini, ganda linageuzwa mara ngapi, chumvi inaingia lini. Mwenye mkahawa hueleza kwamba duara moja la parmigiano hula lita zipatazo 550 za maziwa, lina uzito wa kilo 40 hivi, na hukaa angalau miezi 12 kabla ya kuuzwa. Mtu wa Masisi hutikisa kichwa kwa huruma. Kwao jibini inayokaa miezi 12 bila mnunuzi ni hasara. Wawili hao huagana kama wakulima. Jibini haikuletwa.

Tukirudi kwenye orodha, kuna mistari ambayo mtu wa Karuba angeifurahia kama angejua imeandikwa nini. Gnocchi, ambayo hutamkwa nyoki, ni viazi vilivyochemshwa, vikapondwa, vikakandwa na unga, vikakatwa vidonge. Viazi, birayi kwa lugha ya vilimani, ndivyo vinavyojaza malori yanayoshuka Sake kwenda Goma. Kuna tambi zilizopikwa pamoja na maharagwe, chakula cha wakulima wa Italia tangu zamani. Na kuna polenta. Polenta ni unga wa mahindi uliosongwa kwenye maji yanayochemka mpaka ukashikana. Haihitaji maelezo zaidi. Mahindi, maharagwe, viazi na nyanya vyote vilitoka bara la Amerika baada ya mwaka 1492, vikafika Italia kwa njia moja na milima ya Kivu kwa nyingine, hivyo hakuna upande unaoweza kujidai. Huko kaskazini mwa Italia, Veneto na Lombardia, maskini waliila polenta peke yake kwa vizazi vingi, mpaka katika karne za 18 na 19 wakashikwa na pelagra, ugonjwa wa ngozi na akili utokanao na kula mahindi bila kitu kingine. Hadi leo Waitaliano wa kusini huwakebehi wenzao wa kaskazini kwa kuwaita walaji polenta. Kebehi hiyo, ikivuka bahari, ingewaenea watu wote wa Masisi na wengi wa Kenya.

Polenta katika mkahawa wa hali ya juu huja kipande kimoja chenye pembe nne, kimechomwa pande mbili, na juu yake kuna uyoga. Ukubwa wake ni wa tonge mbili. Tatizo la mlaji wa Karuba hapa si kuitambua. Ameitambua kabla haijafika, kwa harufu. Tatizo ni mkono wa kulia, ambao umejinyoosha wenyewe na kuimega kabla mwenye mkono hajakumbuka uma. Kwa haki, mkono ndio ulio sahihi. Uma hauwezi kuufinya bugali ukashika mchuzi, na Mwitaliano yeyote aliyewahi kusongewa sima ya Kigiriama na samaki wa kupaka analikubali hilo.

Upande wa samaki humtia mashaka mtu wa mlimani kwa sababu nyingine. Ziwa Kivu lina samaki wachache, na maarufu kuliko wote ni sambaza, ambao si wenyeji: waliletwa kutoka Tanganyika karibu na mwisho wa miaka ya 1950. Ni wadogo, huvuliwa usiku kwa taa, hukaangwa wazima na kuliwa na kichwa. Mwitaliano anayeagiza samaki wadogo wa kukaanga kwa limau anakula sambaza wa bahari, na hapo pana udugu kamili. Lakini sahani ya mchanganyiko wa bahari huja pia na pweza, kaa, ngisi na kamba mkubwa mwenye ndevu anayemtazama mlaji machoni. Kaa huletwa na koleo ya chuma. Wapo waliodhani kwamba hiki ni kifaa cha fundi, wakaisukuma pembeni ili mwenyewe aje kuichukua, wakamshughulikia kaa kwa meno. Meno ya Masisi yamezoea mahindi ya kuchoma na huwa yanashinda, ila kipande cha ganda hurukia mbali, na meza ya upande wa bahari ina majirani.

Kuhusu vitamu hakuna mengi. Huja vidogo, vina sukari, huliwa, huisha.

Kahawa ndiyo inayowashtua wengi kwa mara ya mwisho, kwa sababu kikombe ni cha mwanasesere na kilichomo hakifiki hata nusu yake. Malalamiko ya kawaida ni kwamba jikoni wamesahau kujaza. Ukweli ni kwamba kinywaji hiki kidogo kina deni kubwa kwa Kongo. Kahawa nyingi za Kiitaliano huchanganywa na robusta, ambayo huzipa povu na uchungu wake, na robusta iliyosambazwa mashambani duniani mwishoni mwa karne ya 19 ilitoka Kongo, ikapitia kwenye bustani ya miche huko Brussels, na huko ndiko ilikopewa jina. Anayeomba kapuchino saa hizo hupewa, kwa kuwa biashara ni biashara, lakini Waitaliano hunywa maziwa asubuhi tu na huamini kwamba baada ya mlo yataligandisha tumbo. Mtu anayetoka nchi ya maziwa hana haja ya kujibizana nao juu ya hilo.

Mwisho huja bili. Huletwa ndani ya kijitabu cha ngozi, kimefungwa, kama barua ya msiba. Ndani yake mna tambi, nyama, mboga zilizolipiwa kando, maji yasiyo na gesi, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 pamoja na tozo ya asilimia 2 ya utalii, ambazo pengine zimeshaingizwa kwenye bei za orodha na pengine hazijaingizwa. Ni vizuri kusoma mstari mdogo wa chini kabla ya kuagiza, si baada. Bango la M-Pesa lililo mlangoni humpa matumaini mteja mwenye M-Pesa ya Kongo, kwa sababu jina ni moja, ila namba ya dukani ya Kenya hailipwi kwa laini ya Kongo. Zimebaki dola. Hapa mtu wa Goma ni bingwa: kwao noti yenye mpasuko wa milimita mbili ukingoni hukataliwa na kila muuza duka, kwa hiyo hutembea na dola zilizonyooka ndani ya bahasha, ndani ya kitabu, ndani ya begi. Mkahawa huzipokea kwa furaha, kwa kiwango chake wenyewe, na kurudisha chenji kwa shilingi. Mteja huinyanyua kila noti kwenye mwanga wa taa, huipitisha kidole pembeni, na kuzirudisha mbili zilizochanika. Mhudumu, ambaye hajawahi kuona shilingi ikikaguliwa namna hiyo, huzibadilisha bila neno. Bakshishi huachwa mezani chini ya kikombe kidogo, kwa vile upepo bado unavuma, na kama mhudumu alifanikiwa kuleta tambi na nyama kwa pamoja, asilimia kumi ni haki yake.

Mwenye kujiandaa kwa safari hii basi asiipoteze jioni kwenye mistari yenye majina marefu. Aseme mapema kwamba vyote viletwe kwa pamoja, auache mkate, aagize gnocchi au samaki wadogo wa kukaanga, na aweke shilingi mia mbili au tatu kando kabla ya kuketi, kwa sababu tuktuk ya kurudi hotelini haipokei dola, hata zile zilizonyooka.